Asiyeona asilazimike kuwekewa wimbo

FUMBA macho, msomaji, kisha chukua simu yako ya kisasa na ujaribu kuweka wimbo unaoupenda. Usichungulie. Papasa kioo upendavyo. Iwapo dakika mbili zitapita bila hata ala moja kulia, au ujikute umempigia simu mtu ambaye hukunuia kuzungumza naye, utakuwa umeonja kidogo tu shida inayowakabili wasioona kila siku.

Huenda ukauliza muziki unahusianaje na ukurasa wa afya. Unahusiana sana. Mtu anapopofuka akiwa mtu mzima hapotezi mwanga peke yake. Hupoteza pia mambo mengi madogo madogo aliyokuwa akijifanyia bila kumsumbua yeyote: kusoma gazeti, kuhesabu chenji, kuvuka barabara, kuchagua wimbo. Kila jambo linapomtoka mkononi na kuingia mkononi mwa mwingine, hujiona amepungua. Madaktari wanajua kwamba ugonjwa wa huzuni, ule mfadhaiko unaodumu hadi mtu hataki hata kula, huwapata waliopoteza uwezo wa kuona mara nyingi zaidi kuliko wenzao wanaoona. Kwa hivyo lolote linalomrudishia mtu huyo uamuzi wake mwenyewe, hata liwe dogo namna gani, humsaidia kupata nafuu.

Fundi wa Kariokor

Tuchukue mfano. Tuseme kuna fundi wa viatu katika soko la Kariokor, Nairobi. Mtaa huo ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Siku hizi watu huenda huko kununua viatu na mikanda ya ngozi na vyondo, na pia kula nyama choma.

Fundi wetu ameshona viatu kwa miaka 25 huku muziki ukilia kando yake. Kisha glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, ikamnyang'anya uwezo wa kuona polepole, bila maumivu, hadi akashindwa kutofautisha uzi na kivuli chake. Sasa hushinda nyumbani.

Zamani, redio ya kaseti ingemfariji bila msaada wa mtu. Kaseti alizinunua River Road, mwendo mfupi tu kutoka Kariokor, ambako maduka na studio za muziki zilikuwa tele. Vitufe vya redio hiyo vilikuwa vimeinuka. Kidole kilijua cha kucheza kiko wapi, cha kusimamisha kiko wapi na cha kurudisha nyuma kiko wapi. Hata stima ikipotea usiku, mtu aliweza kuipata mezani na kuiwasha kwa betri.

Siku hizi nyimbo zimehamia katika simu. Kuna Mdundo, iliyozaliwa hapa Nairobi. Kuna Boomplay, na kuna Spotify iliyoingia Kenya mwaka 2021. Hazina iliyomo humo ni kubwa kuliko duka lolote lililowahi kufunguliwa River Road. Lakini mlango wa hazina hiyo ni kioo kilicho laini kote, kisicho na kipele wala kishimo cha kukipa kidole habari.

Basi fundi wetu humwita mwanawe. "Hebu niwekee Daudi Kabaka." Mtoto huweka, kisha hurudi kwa vitabu vyake. Wimbo ukiisha, programu hujichagulia mwingine ambao mzee haujui wala haupendi. Aite tena? "Ngoja kidogo, baba, namalizia kazi ya shule." Baada ya siku chache mzee haiti tena. Huketi kimya, na watu wa nyumbani hudhani hamu ya muziki imemwishia. Haijamwishia. Amechoka kuomba.

Simu inayosema

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba simu hiyo hiyo inaweza kusoma kwa sauti yale yaliyo kwenye kioo chake. Simu za Android zina programu iitwayo TalkBack, nazo iPhone zina VoiceOver. Zote mbili zilianza kutumika katika simu hizo mwaka 2009. Katika simu nyingi programu hizi zimo tangu siku simu inaponunuliwa, na hazilipiwi hata senti.

Programu ya kusoma kioo ikiwashwa, simu hubadilisha tabia. Kidole kikigusa mahali, simu hutaja kilichopo hapo lakini haikifungui. Ukipitisha kidole kuelekea kulia, inakwenda kwenye kitu kinachofuata na kukitaja. Ukipitisha kushoto, inarudi nyuma. Ukishasikia unachokitaka, unagonga kioo mara mbili kwa haraka, popote pale, nacho hufunguka. Katika iPhone na katika matoleo ya karibuni ya TalkBack, kugonga mara mbili kwa vidole viwili husimamisha wimbo au kuuendeleza. Mtu hahitaji kutafuta kitufe chochote.

Wazo hili la kuyapa masikio na vidole kazi ya macho si geni, na historia yake inaanzia katika karakana ambayo fundi wa Kariokor asingejiona mgeni ndani yake. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, alikuwa mwana wa fundi wa ngozi aliyetengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3 alijidunga jichoni kwa kifaa chenye ncha kali cha baba yake. Jicho likaoza, maradhi yakaenea hadi jicho la pili, akapofuka kabisa. Akiwa kijana alibuni maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, na kitabu alichokitoa mwaka 1829 kilieleza jinsi ya kuandika maneno na pia muziki. Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani mjini Paris. Tangu mwanzo, basi, muziki ulihesabiwa pamoja na kusoma na kuandika. Haukuwa anasa.

Kitufe kisicho na jina

Ikiwa simu inasema, mbona asiyeona bado hutatizika? Sababu ni kwamba programu ya kusoma kioo kwa kawaida haifanyi kazi ya kutazama. Pembetatu ya kucheza na mistari miwili ya kusimamisha ni alama za wenye macho. Programu hiyo husoma jina ambalo mtengenezaji wa programu ya muziki ameliandika nyuma ya kila alama. Kama ameandika "Cheza", simu itasema cheza. Kama hakuandika neno, simu itasema tu kwamba hapa pana kitufe kisicho na lebo. Sasa wazia vitufe sita kama hivyo vimefuatana. Kipi ni cha kucheza? Kipi ni cha kufuta orodha nzima uliyoikusanya kwa mwezi mzima? Matoleo mapya ya simu hujaribu kubahatisha maana ya alama zisizo na jina, lakini kubahatisha si kujua.

Vikwazo vingine ni vya namna hiyo hiyo. Tangazo la biashara hufunika kioo, na kitufe cha kuliondoa ni kialama kidogo kisichotajwa. Kujiandikisha kunaweza kudai mtu achague picha zenye magari au taa za barabarani, jambo ambalo asiyeona hawezi. Kupanga upya nyimbo hufanywa kwa kuburuta jina la wimbo juu na chini, na mara nyingine hakuna njia ya pili ya kufanya hivyo. Isitoshe, mtu aliyekariri mpangilio wa kioo kwa miezi anaweza kuamka asubuhi akute toleo jipya limejiweka usiku, vitufe vimehama, na vingine vimepoteza majina viliyokuwa navyo jana.

Kuna pia suala la lugha. Simu nyingi huuzwa zikiwa na sauti ya Kiingereza. Sauti hiyo ikikutana na jina la wimbo wa Kiswahili, Kijaluo au Kikuyu, hulitafuna hadi mwenye lugha yake asilitambue. Mtu anaupita wimbo wa ujana wake bila kujua kwamba ndio uliotajwa sasa hivi.

Kasoro hizi si maajabu yasiyo na dawa. Mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG, wa kutengeneza kurasa za intaneti zinazotumika na watu wenye ulemavu, ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na umekuwa ukiboreshwa tangu hapo. Kanuni zake hutumiwa leo hata kwa programu za simu. Kubwa miongoni mwake ni kwamba kila kitufe kiwe na jina linalosomeka na kieleze kazi yake. Kwa mtengenezaji, hiyo ni kazi ya kuandika neno moja au mawili.

Ufanye nini nyumbani

Ikiwa una mzazi, jirani au rafiki aliyepoteza macho, usingoje watengenezaji. Yako mambo unayoweza kuyafanya leo.

Kwanza, mwashie msomaji wa kioo. Ingia katika mipangilio ya simu, utafute sehemu ya ufikivu, ambayo ndiyo yenye zana za watu wenye ulemavu. Katika simu nyingi za Android, ukishaiandaa njia ya mkato, kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache huwasha TalkBack, na kufanya hivyo tena huizima. Jifunze kuizima kabla ya kuiwasha. Wengi wenye macho huiwasha kwa bahati mbaya, wakaona simu haitii kidole kama kawaida, wakadhani imeharibika na kuikimbiza kwa fundi.

Pili, tafuta sauti ya Kiswahili. Huduma ya sauti ya Google katika simu za Android inayo. Kwa kuwa Kiswahili husomwa jinsi kinavyoandikwa, sauti hiyo hutamka hata majina mengi ya lugha zetu nyingine vizuri kuliko sauti ya Kiingereza. Ipunguze kasi mwanzoni. Mzoefu ataiongeza mwenyewe, pengine hadi wewe usisikie neno.

Tatu, vipe majina vitufe visivyo na majina. Watu wachache wanajua kwamba TalkBack humruhusu mtumiaji kuandika lebo yake mwenyewe kwa vitufe vingi vya aina hiyo, kupitia menyu inayofunguka kwa kugusa kioo kwa vidole vitatu. Katika iPhone, kitufe hugongwa mara mbili kwa vidole viwili na vidole hubaki vimeshikilia. Keti na mwenyewe, wewe ukitazama na yeye akiamua kitufe kiitwe nani. Saa moja ya kazi hiyo inaweza kumwondolea miezi ya kubahatisha.

Nne, mnunulie spika za masikioni zenye waya na kitufe. Katika simu nyingi kitufe hicho kikibonyezwa mara moja wimbo husimama au huendelea, na kikibonyezwa mara mbili wimbo unaofuata huanza. Hicho ni kitufe cha kweli, kilichoinuka, kama kile cha redio ya kaseti.

Tano, ikiwa bado anaona kidogo, usimfanye kipofu kabla ya wakati. Ongeza ukubwa wa herufi, tia rangi zinazotofautiana sana, kama maandishi meupe juu ya weusi, na umpe nafasi ya kutumia macho aliyobaki nayo pamoja na masikio.

Sita, waandikie watengenezaji. Programu nyingi zina mahali pa kutoa maoni. Usiseme tu kwamba programu ni mbaya. Taja kitufe, taja kiko kwenye ukurasa gani, na useme kwamba TalkBack au VoiceOver haikitaji. Malalamiko ya aina hiyo ndiyo anayeweza kuyarekebisha mtu aliye mbele ya kompyuta.

Zaidi ya hayo yote, usimnyang'anye simu. Akikosea, mwache akosee. Atajifunza kama ulivyojifunza wewe. Ukimfanyia kila kitu kwa huruma, utakuwa umemrudisha pale pale pa kuomba.

Masikio ndiyo macho

Hapa lazima onyo litolewe. Kwa asiyeona, masikio ndiyo humwambia gari linatoka wapi, mlango uko wazi au umefungwa, nani ameingia na yuko katika hali gani. Akiyaharibu, amepata hasara mara mbili.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa juma. Watoto wanahitaji kiwango cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizo 40. Kanuni rahisi ni kwamba sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya uwezo wake, na masikio yapewe mapumziko ya mara kwa mara. Ukisikia mlio masikioni baada ya kuvua spika, au ukiona watu wanakurudia maneno, punguza sauti na umwone daktari wa masikio.

Mara nyingi asiyeona huongeza sauti kwa sababu wimbo na sauti ya msomaji wa kioo hugombana. Dawa si kupandisha zote mbili. Simu nyingi zina kipimo cha sauti ya msomaji kilicho mbali na cha muziki, na zinaweza kupangwa ili wimbo ushuke wenyewe msomaji anapozungumza. Mwonyeshe sehemu hiyo.

Na barabarani, muziki ungoje. Mtu mwenye fimbo nyeupe anayevuka General Waruinge au Ring Road akiwa ameziba masikio yote mawili ni kama mwenye macho anayevuka akiwa amejifunga kitambaa. Akihitaji maelekezo ya simu njiani, avae upande mmoja tu, au atumie spika zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuliacha wazi.

Ni haki, si sadaka

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake, na haki ya kutumia Braille au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulidhaminiwa katika Seneti na Crystal Asige, mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma, na ambaye aliteuliwa kuwa seneta mwaka 2022.

Ng'ambo pia ni wanamuziki waliosukuma jambo hili. Mwaka 1976 Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kununua mashine ya Kurzweil iliyosoma vitabu kwa sauti. Mwaka 2016, katika tuzo za Grammy, alisoma jina la mshindi kutoka kadi ya Braille, akawatania waliokuwa ukumbini kwamba wao hawawezi kuisoma, kisha akatoa wito kila kitu kitengenezwe kiweze kutumiwa na kila mtu mwenye ulemavu. Kwa dakika ile, wenye macho ndio waliokuwa nje ya mlango.

Macho bado yachunguzwe

Kabla hujaliweka gazeti hili chini, kumbuka kwamba si kila anayepofuka alipaswa kupofuka. WHO inakadiria kwamba angalau watu bilioni 1 duniani wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuiwa au ambao haujatibiwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akaona tena. Glakoma ni tofauti: kilichopotea hakirudi, ila dawa au upasuaji huweza kuokoa kilichobaki. Kwa kuwa mara nyingi haiumi na huanza kula pembeni mwa macho, mtu hugundua akiwa amechelewa. Ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, au umepita miaka 40, au una kisukari, nenda ukapimwe hata kama unaona vizuri. Kliniki za macho zipo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na katika hospitali ya Kikuyu, miongoni mwa nyingine.

Mafundi wa ngozi na wa chuma nao wavae miwani ya kukinga macho. Jicho likidungwa, lisisuguliwe wala kubanwa. Lifunikwe kwa kitu safi kisichogusa mboni, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tumrudie fundi wetu. Macho yake hayatarudi, na hakuna programu itakayoyarudisha. Lakini jioni moja mwanawe akiketi naye saa moja, wakavipa vitufe majina, siku inayofuata mtoto atakuwa mezani akiandika kazi yake ya shule, naye atasikia wimbo umeanza chumba cha pili. Hakuna aliyeitwa. Mzee ameuweka mwenyewe, na akiuchoka ataubadilisha.